Kengele ya Walio Macho

Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara, na mume wangu alikuwa akilitazama. Hilo ndilo lililonitisha. Mikono ilikuwa kwenye usukani, shingo imenyooka, macho mbele, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Nyuma, binti yetu alikuwa amelala na kiatu kimoja mguuni.

Kengele ya gari lile, ile inayomwonya dereva kabla hajagonga kilicho mbele, tuliitengeneza mimi na wenzangu. Mkuu wetu, mtu wa mzaha hata msibani, alikuwa na swali lake la kila asubuhi: "Tahadhari kabla ya hatari, sawa. Lakini kabla kiasi gani?" Ikilia mapema, dereva makini huona anatukanwa, na wiki haiishi ameshaizima. Ikichelewa, anayechezea simu ndiyo basi tena. Mume wangu ni dereva makini. Nilipoleta gari la majaribio nyumbani, alilalamika kwamba kengele inamfokea kuliko mama yake alivyomfokea utotoni. Basi tukaweka kamera ndogo juu ya usukani. Ikiona macho yametoka barabarani, kengele hulia mapema. Ikiyaona yapo, hungoja. Tulipongezana sana siku hiyo, na mume wangu akaacha kulalamika.

Asubuhi ya lori, wifi yangu alipiga simu kusema mama yao amezidiwa, yuko hospitali, tufike haraka. Niliomba niendeshe mimi. Mume wangu akasema yuko sawa, na kweli hakulia, hakutetemeka, hakugusa simu. Alitazama barabara tu.

Kwa hiyo kamera ilimwona yuko makini. Ndani ya gari lile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kengele ingengoja, na ingengoja kwa sababu sisi ndio tulioiambia ingoje. Niliogopa woga ambao sijawahi kuupata, hata siku ya kujifungua. Sikusema breki wala lori. Nilipiga yowe tu, kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Kengele ililia tukiwa tumeshaanza kuserereka. Tulisimama karibu mno, kutu ya bodi ya lori imejaa kioo kizima. Binti aliamka akauliza kama tumefika kwa bibi.

"Hukuliona?" nilimuuliza baba yake.

"Nililiona." Hakuachia usukani. "Nililiona kabisa. Nilikuwa nawaza mama tutamzika wapi."

Mama mkwe alipona, na kufoka hajaacha. Kazini nilipigania kengele ilie mapema kwa kila mtu, macho yawe wapi yasiwe wapi. Wenzangu wakasema wateja wataizima, na najua hawakuwa wakisema uongo. Lakini kwenye gari letu niliirudisha ilivyokuwa kabla ya kamera.

Siku hizi inamlilia mume wangu kwa kila gari linalopunguza mwendo mbele yetu, naye hajaizima. Ikilia, huijibu kwa sauti ndogo, "Nipo." Mimi hukaa kando yake nikisikiliza. Kengele yenyewe hainishtui tena. Ninachosubiri ni lile jibu, na likichelewa kidogo tu, mkono wangu unakuwa umeshafika kwenye usukani.