Kilomita Kumi na Mbili za Mwisho

Niliota usiku wa jana kwamba mama yangu, Bi Mwanamize, amekwama angani.

Hakuwa peke yake. Ndege nzima ilikuwa imesimama, abiria tisa na rubani. Kutoka kisiwa cha Shungi hadi uwanja wetu wa Vumbwe ni kilomita mia mbili na kumi na mbili. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na njia hiyo niliipima mwenyewe. Kwa mwendo wa kilomita mia mbili na arobaini kwa saa, ni dakika hamsini na tatu. Lakini mkuu wangu, Bwana Haidari, alikuwa amebandika tangazo jipya: kilomita mia mbili, dakika hamsini.

"Namba nzima inapendeza," alisema. "Hizo kumi na mbili ni vipande tu, nani atazihisi?"

Dakika ya hamsini ilipotimia, safari ikaisha. Ndege ikasimama hapohapo ilipofika, juu ya maji.

Natoka nje. Kilomita kumi na mbili zimeketi kwenye benchi la abiria, zimelowa, zimenuna.

"Rudini kazini," naziambia.

"Tumefukuzwa," inajibu ya kwanza, ikijikamua maji. "Soma tangazo."

"Mama yangu yuko huko, na mafuta yanakwisha."

"Sisi hatuna mama."

Nabandua tangazo.

"Raifa, bibi wee," anasema Bwana Haidari, "utagombana na mkuu wako kwa dakika tatu?"

"Hata kwa moja."

Naandika upya: mia mbili na kumi na mbili. Kilomita zinasimama, zinajifuta, zinapaa kwenda kujipanga mbele ya ndege.

Sasa nami nimo ndani ya ndege. Bado haisogei.

"Kwetu hapiti mtu mikono mitupu," kilomita zinasema dirishani.

Ni kweli. Shungi, ukipita mlangoni pa jirani na kapu, unamwachia kidogo cha ulichobeba. Mama ana kopo la visheti mapajani. Analifungua, anafungua na dirisha, anatoa kimoja kimoja.

"Haya, kuleni. Na atakayewaita vipande, mleteni kwangu." Kisha anawageukia abiria. "Njia hii kaipima mwanangu. Hakukisia. Kaipima."

Ndege ikaondoka. Nikaamka.

Asubuhi nilikwenda kumpokea. Ndege yake ilitua dakika ya hamsini na tatu. Mama alinikabidhi kopo, limefungwa kwa kamba, fundo lake lilelile gumu ambalo kulifungua mpaka utumie meno. Nyumbani alilifungua, akahesabu, akahesabu tena.

"Raifa, nilitia hamsini. Mbona viko thelathini na vinane? Na kopo sikulifungua njia nzima!"

Nikamwambia hesabu iko sawa.