Mkono wa Mwembamba

Tumbili wa maabara yetu tuliwafunza kutoa mkono wenyewe. Nikigonga chuma mara mbili, mkono hupenya kwenye tundu, daktari huchukua damu, nami hutoa kipande cha ndizi.

Mzee na Mwembamba walikaa vizimba jirani, wote wakiwa na virusi vya ukoo mmoja na vile vilivyomuua kaka yangu. Mzee, wa jamii nyingine ya tumbili, alizaliwa porini navyo na hakuwahi kuugua hata mafua. Mwembamba aliambukizwa hapa, akabaki ngozi na mifupa. Daktari alitafuta siri ya tofauti yao.

Kaka naye alikuwa akimnyooshea nesi mkono kabla hajaombwa. “Chota tu, dada, kisima hiki hakina kufuli.”

Jumatatu daktari akaniambia, “Mama, Mwembamba anateseka mno. Leo tumpumzishe. Mwite wewe, mimi ananikimbia.”

“Ananiamini, daktari.”

“Ndiyo maana.”

Nikagonga. Mwembamba akanyoosha mkono, akanitazama, akingoja haki yake. Nilimpa ndizi nzima, daktari akamdunga sindano. Alilala moja kwa moja akiwa bado ameishika.

Kesho yake nilikuwa naosha kizimba chake kitupu, chuma kikagongwa mara mbili nyuma yangu. Nikageuka polepole.

Alikuwa Mzee. Alikuwa amepenyeza mkono kuelekea kule alikolala mwenzake, kiganjani ana kipande cha ndizi. Akagonga tena, akangoja.

Nilisimama na ufagio wangu, nami nikangoja.