Mashine ya Kathure

Hapa Laare hakuna mashine iliyowahi kunishinda. Mimi, Mwongera, naweka tu sikio kwa kava, najua kama ni diski, ni feni, ama ni uchawi wa mwenyewe. Hayo nilikuwa nikimwambia Kathure huku nimepiga magoti chini ya meza ya saiba yake, kibanda cha intaneti na kuchapisha, bisibisi mkononi.

"Wacha maringo, fundi. Niambie tu: niiongezee nguvu, ama ninunue ingine?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mashine ilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kurasa za serikali zilikuwa zimeanza kuikataa. Ukitafuta cheti, unaambiwa Windows yako imezeeka. Wateja wakahamia kwa jirani. Kathure akabaki na kuchapisha programu za mazishi, zile karatasi za ratiba, na asubuhi hiyo hata ile moja aliyokuwa nayo ilikwama ikienda kwa printa.

Mwenye hiyo programu, Mzee Kailemia wa Mikinduri, alikuwa kwa benchi karibu na mlango, kofia imemfunika macho. Mkewe, Gatwiri, angezikwa kesho. Picha pekee aliyowahi kupigwa ni ya kitambulisho, na kitambulisho kilibaki ofisini mzee alipochukua kibali cha kuzika. Kathure alikuwa ameiskani kabla. Kwa hivyo uso wa Gatwiri ulikuwa umebaki mahali pamoja duniani: ndani ya ile diski.

Na diski ilikuwa nzima. Imechoka, inakohoa, lakini nzima. Mashine ingewekewa diski ya pili mpya na RAM kidogo, ingetembea miaka mingine. Lakini kuna duka Meru mjini hunipa kitu kidogo kwa kila kompyuta ninayowauzia. Nikachomoa waya mmoja wa diski, nikawasha. Skrini ikaandika kwamba hakuna diski.

"Pole, madam. Imeenda na vyote. Nunua ingine. Hii nitakusaidia kuitupa."

Kathure aliangalia skrini, akaangalia benchi, akashusha sauti. "Sasa mzee nitamwambia nini?" Akatoka nje kupigia lile duka, kwa namba niliyompa.

Kuitupa wapi? Nilikuwa tayari na mtu wa kuinunua. Nikarudisha waya, nione kama inawaka vizuri.

Ikawaka. Nikangoja dakika tisa, maana ndivyo inavyochukua kuamka. Ghafla feni ikanyamaza, na kwenye huo ukimya diski ikagonga mara tatu, kama mtu aliye mlangoni. Sikuwa nimegusa kitu. Nyuma yangu printa ikawasha taa, ikavuta karatasi.

Kwanza lilitoka jina. Halafu nywele, halafu paji la uso, halafu macho. Hapo ikasimama. Macho mawili ya mama nisiyemjua, yananiangalia kutoka ukingo wa karatasi. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Nikabonyeza tena. Printa ikavuta pumzi, ikaendelea: pua, kisha ule mdomo uliofungwa wa mtu anayepigwa picha ya serikali.

Karatasi ikaanguka. Mkono mwingine uliiokota kabla ya wangu.

Mzee Kailemia aliipangusa kwa kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. Kathure alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Nimeshawatumia pesa," akasema polepole. "Fundi, si ulisema...?"

Nikaokota bisibisi, nikaanza kurudisha kava.

"Nilimuona akitoa huo waya mwekundu," mzee akamwambia Kathure, bila hasira. "Nilidhani ndio kutengeneza."