Ukuta wa Nyuma

Nieleweke kwanza: sina ugomvi na nyumba za kisasa. Ugomvi wangu ni na mtu anayetaka kubomoa ya kwangu.

Nyumba hii ya Mpepai tuliijenga mimi na marehemu mume wangu, Alphonce, mwaka themanini na tatu, kwa kahawa yetu. Tofali tulifyatua wenyewe, tanuru tukachoma wenyewe, na maji ya kukandia tope la kujengea niliyabeba mimi kichwani kutoka mtoni, mimba ya Victor ikiwa na miezi saba. Kwa hiyo huyo Victor aliposimama uani na shati lake la ofisini akasema, "Mama, hili sasa ni gofu," damu ilinichemka.

Lakini chumba cha nyuma kilikuwa kimeharibika kweli, hilo sikatai. Ukuta unaotazama mlima ulilowa kila mvua zikianza, na ukungu ukapanda hadi dirishani. Ndicho chumba alichokulia Victor. Miaka miwili mfululizo alipokuja likizo kutoka Dodoma alilala gesti mjini Mbinga. Mwanangu wa kumzaa, gesti, na mimi nipo. Jambo hilo liliniuma kuliko nyufa zote.

Krismasi ya mwaka juzi akaja na ramani ya nyumba mpya, ile ya paa la kuficha. Nikamwomba mwaka mmoja nirekebishe.

"Sawa, Mama. Mwaka huo ukiisha, nikija Januari nikakuta ukuta umelowa, tunabomoa. Na hatutajadiliana tena."

Nikakubali. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unakubali kabla ya kichwa.

Nikamwita fundi Hamphrey. "Ukuta huu dawa yake saruji, mama," akasema, akapiga plasta laini kama sahani. Nikatamba kijiji kizima. Nikamwita hata wifi yangu Beata aje aishike kwa mkono wake. Mwezi haujaisha, plasta ikavimba, ikadondoka mapande kwa mapande, na tofali za nyuma yake zinachuruzika maji. Beata alicheka mpaka akakaa chini. Nilimnunia siku mbili.

Nikamlaumu Hamphrey. Nikalaumu mabati. Nikamlaumu hata Alphonce, Mungu anisamehe, kwa kuchagua kiwanja hiki. Siku moja ya Machi, mvua inanyesha mchana kweupe, nikachukua mwamvuli nikazunguka nyuma ya nyumba nione maji yanapotoka. Yalikuwa yanashuka kwenye shamba langu mwenyewe, mekundu, katikati ya matuta, na kila mfereji umeelekea ukutani.

Mteremko ule kwa miaka thelathini ulikuwa ngolo, yale mashimo yetu sisi Wamatengo, kila shimo limezungushiwa kingo za udongo na linashika maji yake. Alphonce alipofariki nilichoka. Victor akasema ngolo ni kazi ya kizamani, akaleta vibarua, wakapiga matuta ya kushuka na mlima. Siku mbili tu wakamaliza, na mimi nikashukuru. Kumbe mchawi wa nyumba yangu nilimpikia chai mwenyewe.

Wiki hiyohiyo nikawaita watu wa jumuiya tuzirudishe ngolo. Shemeji yangu Mansuetus akafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, maana hiyo ni kazi ya wanaume na hakubali mwanamke aiguse. Sisi wanawake tukachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Beata akanitania kwamba nalima kama bibi harusi anayeogopa kuvunja kucha. Nina miaka sitini na sita. Nilimaliza mstari wangu, nikaenda kumsaidia wa kwake.

Kiangazi nikabandua saruji yote iliyobaki na kuacha tofali zikauke miezi minne. Kisha nikakanda udongo mwekundu na mchanga, nikapiga plasta kwa mikono yangu kama tulivyofanya mwanzo, nikapaka chokaa. Hamphrey alikuja kuchungulia. Akapapasa, akasema mbele ya watu, "Mama Victor, kazi hii mimi siiwezi." Siku hiyo alikula kwangu ugali na dagaa wa Lituhi, na kinyongo kikaisha.

Victor alifika Januari, mvua ikiwa haijakatika siku nne.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Hakuketi. Ramani ikiwa kwapani, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Nikamfuata; asubuhi hiyo mimi mwenyewe niliogopa kuushika ule ukuta. Akaweka kiganja juu. Akakishusha hadi karibu na sakafu, akakiacha hapo. Halafu akakitazama, akakifuta kwenye suruali, ingawa kilikuwa kikavu.

Nilijaa fahari, nikasogea nami nikaweka kiganja changu palepale.

Akafungua dirisha. Mlimani mahindi yamesimama juu ya kingo, na kila ngolo ina maji yake yametulia humo.

"Mama, yale matuta niliyaleta mimi."

"Uliyaleta wewe, nikashukuru mimi."

"Mbona hukunipigia simu ukaniambia?"

"Ungebishana na mimi. Ukuta hubishani nao."

Akatoka akaingia kwenye mvua bila kuaga. Nikajua nimemuudhi. Nikasikia mlango wa gari unafungwa, kisha akarudi na begi lake, amelowa kichwa kizima, akaliweka juu ya kile kitanda chake cha zamani na kuanza kuvua viatu.

"Gesti wananisubiri," akasema.

"Wasubiri," nikamwambia, nikaenda kumtafutia shuka.