Aliyechimba Bwawa

Alikuwa jikoni anakaanga vitunguu aliposikia sauti ya mumewe ikitokea uani: "Nimelichimba mwenyewe, kwa mikono hii hii. Wiki tatu nzima!"

Mwiko ukasimama hewani. Alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wawili waliokwisha kuwa na nyumba zao, na masikio yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alisogea dirishani kuhakikisha. Mumewe, karani wa mahakama, alisimama kando ya bwawa dogo, mikono kiunoni, kifua mbele. Alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi maji yalivyofurika mdomoni mwa mtungi na kuteremka juu ya mawe. Wageni walikuwa wawili tu: mkuu wake wa kazi na mke wa mkuu huyo, walioalikwa chakula cha mchana.

"Na shemeji alikusaidia?" mkuu akauliza.

"Aa, yeye alikuwa ananiletea maji ya kunywa."

Vitunguu vikaanza kuungua. Fundi hakuvigusa.

Maji ya kunywa! Siku fundi alipoanza kuchimba, karani huyu huyu alitoka na kikombe mkononi, akacheka mpaka chai ikamwagikia shati. "Unamchimbia nani kaburi?" Siku ya pili alimwita "injinia". Kuanzia ya tatu aliacha hata kutania, akawa anapita kando ya shimo amekunja miguu ya suruali asije akachafuka.

Fundi alitaka tu kusikia maji yakitiririka. Miaka ishirini na mbili ya mngurumo wa cherehani ilikuwa imemjaa kichwani. Alichimba kila jioni akishafunga kazi, kwa sululu kwanza, halafu kwa sepetu, mpaka shimo likamfika magotini. Usawa wa kingo aliupima kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, kama alivyowaona waashi wakifanya. Akatandika mchanga, juu yake mazulia makuukuu ili mawe yasitoboe, ndipo akalaza nailoni nzito. Mtungi wa kwanza ulimpasukia alipokuwa akiutoboa kitako kwa drili. Alikaa chini akalia, si uongo. Wa pili aliutoboa taratibu, akiumwagia maji usipate moto, saa nzima kwa tundu moja la kupitishia bomba la pampu. Na siku maji yalipopanda na kufurika kwa mara ya kwanza, alipiga vigelegele peke yake. Karani alikuwa sebuleni anatazama mechi. "Punguza kelele!" ndicho alichosema.

Fundi akazima jiko, akajifuta mikono, akatoka.

"Karibuni jamani," aliwaambia wageni, kisha akamgeukia mumewe. "Umewasimulia mtungi wa kwanza ulivyopasuka?"

Karani akamkodolea macho. "Ndiyo... ulipasuka."

"Ulipasukaje?"

"Si ulianguka!"

"Ulianguka." Fundi alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi uliochacha. "Na usawa wa kingo uliupimaje?"

"Kwa macho tu." Karani akacheka kicheko kikavu. "Mama watoto anapenda utani huyu."

Hapo damu ikamchemka fundi. Alikwenda nyuma ya tangi la maji lililokuwa pembeni ya ua, akazima swichi ya pampu, akarudi. Maji yakakatika.

"Haya, iwashe," alisema. "Si wewe uliyejenga?"

Karani alipapasa ukutani akitafuta swichi. Akainama akainua jiwe moja, akalirudisha, akainua la pili. Mwishowe akauona mfereji wa bustani, akaifungulia koki yake kwa nguvu zote, maji yakamruka viatuni. Mkuu akakohoa, akawa anatazama mawingu. Mkewe hakutazama mawingu.

"Umelichimba wewe," alimwambia fundi.

"Mimi. Kila sepetu."

Chakula kililiwa haraka haraka. Hakuna aliyevisema vile vitunguu vilivyoungua, na wageni hawakungoja chai.

Gari lao lilipoondoka tu, karani akalipuka. "Umenivua nguo mbele ya mkuu wangu!"

"Na mimi umenifanyaje? Ati ananiletea maji ya kunywa!" Sauti ya fundi ilipasua nyumba. "Maneno mawili tu: mke wangu. 'Amejenga mke wangu.' Yangekuchubua ulimi?"

Karani akajitupa kitini. "Wangeniona mwanamume gani, mke anachimba shimo na mimi nimekaa?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Karani akainama kuvua viatu vilivyolowa.

"Mpigie mkuu wako simu," fundi akasema. "Mwambie kwa mdomo wako."

"Lakini keshajua!"

"Amejua kwangu. Nataka ajue kwako."

Siku tatu karani alijifanya amesahau. Siku tatu fundi aliweka sahani mezani bila kusema karibu, akashona kwa hasira mpaka sindano mbili zikamkatikia. Siku ya nne, asubuhi, karani alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, simu mkononi, amewasha spika ili wote wawili wasikie.

"Mkuu, lile bwawa alilijenga mke wangu," alisema kwa pumzi moja. "Mimi nilikuwa namcheka."

"Nilijua tangu ulipofungulia mfereji," mkuu akajibu, na nyuma yake ikasikika sauti ya mkewe: "Muulize shemeji kama Jumamosi ana nafasi! Nimeshaanza kuchimba, nimekwama kwenye mzizi mnene!"

"Mwambie nitakuja," fundi alisema bila kuinua macho. "Na huo mzizi asiupige sululu, aukate kwa msumeno."

Karani akaufikisha ujumbe, akakata simu, akabaki pale mlangoni amejaa matumaini. "Basi yameisha, mama watoto?"

"Hayajaisha. Umesema, nimesikia, na umefanya vizuri. Lakini hasira bado ninayo, na nitakaa nayo mpaka iishe yenyewe." Akaulowesha uzi kwa ulimi. "Toka kwenye mwanga. Sioni tundu la sindano."

Karani akasogea.