Nani Alifunga Koki

Mikono ya fundi ilikuwa mizuri, hata maadui zake walikubali. Tatizo lilikuwa mdomo. Kama kuku, akitaga yai moja lazima mtaa mzima ujue. Na ukimpelekea pikipiki yenye mpira wa oili uliopasuka, atakupa somo kwanza.

"Wewe ungependa mshipa wako usuguliwe na chuma kutwa nzima?"

Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye pikipiki moja tu ya Kiingereza, kongwe kuliko ndoa yake. Pikipiki za aina ile hazihifadhi oili ndani ya injini. Oili hukaa kwenye tangi lake pembeni, hushuka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Ikiegeshwa siku mbili, oili yote huteremka polepole na kujaa chini ndani ya injini. Kwa hiyo mjomba aliweka koki kwenye mpira wa kushukia. Koki nayo ina ubaya wake: ukisahau kuifungua, injini inakwenda kavu na kujitafuna. Basi mjomba akaweka sheria. Anayefunga koki afunge na tambara jekundu kwenye kiki ya kuwashia papo hapo, kabla hajajikuna.

Jumamosi fundi alibadilisha mipira yote miwili ya pikipiki hiyo. Alifunga koki oili isimwagike, akakata mipira mipya, akaivisha ngozi pale inapogusa fremu, akakaza klipu. Alikuwa amelitoa tambara alifunge, mara wakaingia wateja wawili. Mmoja akasema ng'ambo ya barabara kuna fundi anayemshinda. Ulimi ukashika kazi, mikono ikalirudisha tambara mfukoni na kusahau. Jioni akaisukuma pikipiki hadi uani kwa mjomba, nyumba ya tatu, bila kuiwasha.

"Tayari, mjomba. Wewe panda tu."

Asubuhi mjomba akapanda. Hakufika mbali. Injini ililia kama sufuria inayokwanguliwa, ikakwama.

Alirudi gereji akiikokota, shati limelowa jasho.

"Mpwa wangu, nimeiua. Nimekuta koki imefungwa. Nitakuwa niliifunga jana, na tambara sikuweka. Sikumbuki hata kuishika."

Fundi alitia mkono mfukoni kutafuta kitu cha kujifutia. Akagusa tambara. Akalifinya ndani ya ngumi, hakulitoa.

"Hutokea, mjomba," akasema.

Alijua papo hapo amesema nini. Angeweza kuyarudisha maneno yale palepale, na hakuyarudisha.

Habari haikukaa. Mke wa mjomba akaanza kuficha kiberiti, na mzee akienda msalani anamsubiri nje. Pale gereji mafundi wenzake wakapata mchezo.

"Mzee, shikamoo! Leo umekumbuka kufunga zipu?"

Wakacheka. Mjomba naye akacheka, lakini aliinamisha kichwa akatazama zipu yake. Fundi aliona. Akacheka na wenzake, kisha akajifanya anatafuta spana chini ya benchi, kwa sababu uso ulikuwa unamwaka.

Siku ya tatu mjomba alikuja, akakaa juu ya tairi, akaongea polepole.

"Mama yangu alianza hivihivi. Alisahau jiko, kisha akasahau jina langu. Niuzie pikipiki. Halafu siku nikikuita jina la mtu mwingine, usiwaache hawa wanicheke."

Fundi aliweka bisibisi chini. Wenzake wote walikuwepo.

"Mjomba, hukuifunga wewe."

"Nini?"

"Koki. Niliifunga mimi nikibadilisha mipira. Tambara lilikuwa mfukoni mwangu. Nililigusa ukiwa umesimama mbele yangu, nikanyamaza."

Mtu mmoja akaguna, akaona heri arudi kwenye kazi yake.

"Leo siku ya ngapi?" mjomba akauliza.

"Ya tatu."

"Siku tatu mke wangu ananifichia kiberiti kama mtoto. Siku tatu nalala nikitaja majina ya wajukuu, nikimaliza naanza tena, nione kama kuna aliyeponyoka."

"Nisamehe, mjomba. Injini nitaifungua leo hii, kila kitu juu yangu."

"Nani kakuuliza habari ya injini?" Mzee alisimama. "Injini ni chuma, itachongwa. Nenda nyumbani ukamwambie mke wangu. Mimi sitoki hapa mpaka umwambie."

Fundi alitembea nyumba zile tatu akitazama ncha za viatu vyake. Akabisha hodi. Mke wa mjomba akafungua, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Afadhali umekuja, baba. Maana bila wewe sijui mjomba wako ningemfanyaje. Pita ndani."

Akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akamwekea katikati ya chumba. Fundi hakukaa. Alibaki amesimama nyuma ya kiti, mikono imeshika egemeo la kiti, akaanza kusema.