Mbavu Kumi na Moja za Boti ya Odongo

Ikhlas alianza kuchora hina akiwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuchora kitu kingine. Maua, majani, vikonyo vinavyopanda hadi kwenye kiwiko cha bibi harusi: hayo alikuwa akiyachora huku anapiga soga. Kwa hiyo mgeni mmoja, Adero, alipomfuata nje baada ya harusi ya Amirah, mtaani Kaloleni, hina bado mbichi kiganjani, akamwambia anatafuta mtu wa kumchorea boti, Ikhlas alicheka.

"Boti? Dada, mimi ni mtu wa maua."

"Nimekukazia macho tangu asubuhi. Hukupima, hukufuta, na mikono yote miwili imetoka sawasawa. Mtu kama wewe ndiye namtaka."

Adero hakuwa akitania. Baba yake, Mzee Oyugi, alikuwa ameunda boti pale Dunga, kando ya ziwa, kwa miaka arobaini. Mwezi wa tano akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja: "ooyo", yaani hapana kwa Kijaluo. Akitaka chai, ooyo. Akiikataa chai, ooyo. Adero alikuwa amefanya kazi naye miaka sita, anajua kuranda mbao, kupiga misumari na kuziba mianya kwa pamba. Lakini vipimo vya umbo la boti Mzee hakuwahi kuviandika popote. Vilikuwa kichwani mwake, na sasa vimefungiwa humo.

Na ufuoni kulikuwa na boti ya Odongo, mvuvi wa ngege, samaki wa ziwani, imesimama nusunusu: mti wa chini na mbavu nne kati ya kumi na moja. Kila siku watu walimwambia Odongo achukue mbao zake ampelekee fundi mwingine, mwanamume. Mpaka sasa alikuwa amekataa.

"Daktari anasema akili ya Baba ni nzima," Adero alisema. "Akionyeshwa umbo sahihi atalitambua. Nimejaribu kumchorea mwenyewe, lakini nikichora boti inatoka kama sufuria."

Jumamosi Ikhlas alifika Dunga na daftari kubwa na penseli mbili. Mzee Oyugi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya boti yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Ikhlas alimwamkia, akakaa kwenye gogo, akachora boti jinsi itakavyokuwa ikimalizika. Alichora mbao zinavyopinda, kivuli chini yake, maji, na ndege mweupe ametua ukingoni. Wauza samaki waliacha mabeseni yao wakaja kuchungulia.

"Nyathina, mwanangu, hii nitaitundika sebuleni," alisema Seline, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga hatua chache kutoka hapo.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. "Ooyo," akasema, akaisukuma.

Ikhlas alichora nyingine, nzuri zaidi. Ooyo. Alipochora ya tatu, Mzee alimnyang'anya penseli kwa mkono wa kushoto, akakata ndege, akakata maji, akakata kivuli. Kisha akagongagonga futi ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwa binti yake.

Adero alijaribu kuzuia kicheko. "Nafikiri anasema ndege hawezi kupigiliwa misumari."

Ikhlas alirudi nyumbani amenuna. Hakuna mtu aliyewahi kukataa mchoro wake, wala bibi harusi wala mama mkwe. Lakini kesho yake alikwenda Nyamasaria kwa mjomba wake Nasir, fundi wa nyumba, akamwomba amwonyeshe ramani. Nasir alikunjua karatasi kwenye mfuko wa saruji. Nyumba ilikuwa moja, imechorwa mara tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni, na imekatwa katikati kama mkate.

"Haina hata mlango unaopendeza," Ikhlas alisema.

"Haikuchorwa ipendeze. Imechorwa ili mtu ambaye sijawahi kumwona aijenge bila kuniuliza."

Alikaa pale hadi alasiri akiuliza kila mstari una kazi gani.

Safari hii alipofika Dunga hakuchora boti nzima. Aliichora imekatwa kama mkate, kipande kimoja kwa kila ubavu. Mzee alisogeza kiti mwenyewe. Walianza na zile mbavu nne zilizokuwepo: Adero akipima, Ikhlas akichora, Mzee akitazama. Ndipo walipogundua kwamba ooyo zake hazikuwa sawa. Iliyokatika ghafla ilikuwa hapana kweli. Iliyovutwa polepole, kidevu kikishuka kifuani, ilikuwa ndiyo. Kwa wiki mbili walipata ubavu wa tano na wa sita.

Wa saba ukawashinda. Ikhlas aliupanua, akaupunguza, akaukunja zaidi, na kila mara ooyo ilikatika kama kijiti. Mara ya tisa Mzee alilitupa daftari mchangani, akafunika uso kwa kofia. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Adero alipiga magoti mbele yake.

Ikhlas aliokota daftari na kulipangusa. Aliutazama ule mchoro, mdogo kuliko kiganja, kisha akatazama ukubwa wa boti. Miaka arobaini mzee huyu hakuwahi kushughulika na kitu kidogo namna ile. Aliingia kwenye banda la kazi la Mzee, akafagia maranda, akasawazisha mchanga wa sakafuni mpaka ukawa kama ubao wa shule.

"Mlete ndani," alimwambia Adero. "Na fimbo yake ya kutembelea."

Walimsimamisha katikati ya banda, Adero akimshika kiuno. Ikhlas alichora mchangani ubavu wa sita kwa ukubwa wake halisi, kisha akasogea kando. Mzee Oyugi alishusha ncha ya fimbo kwa mkono wa kushoto. Akavuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi chini na kupanda tena upande wa pili, bila kusita. Wakati Adero anaweka futi, machozi yalikuwa yakimdondokea mchangani. Ubavu ulitoka mpana kwa vidole viwili kuliko michoro yote waliyojaribu.

"Hapa ndipo nyavu zinakaa," alisema. "Baba, hapa ndipo uzito unakaa!"

"Ooooyo," Mzee alisema, kidevu kikishuka.

Nne zilizobaki alizichora siku ileile, na Ikhlas akazinakili kwenye daftari na vipimo vyote. Adero alikata mbao kwa kufuata michoro hiyo, huku wanaume wawili watatu wakisimama kando na mikono mifukoni. Kufikia mwezi wa kumi na moja hawakusimama tena kando. Walikuwa wakimshikia mbao.

Boti iliingia majini asubuhi ya Jumamosi. Maji yalipenya kidogo kwenye maungio, Odongo akamtazama Adero kwa wasiwasi.

"Mbao zikinywa maji zitavimba, zitaziba. Ngoja," Adero alisema. Saa sita mchana sakafu ya boti ilikuwa kavu, naye Mzee alikuwa na ngege mzima wa kukaanga mbele yake, zawadi ya Seline, akimchambua taratibu kwa mkono wa kushoto.

Odongo alimletea Ikhlas kopo la rangi nyeupe na brashi. "Sasa niandikie jina ubavuni."

"Jina gani?"

Odongo alifungua mdomo. Kulia kwake alisimama mkewe Maryanne, kushoto mama yake, Mama Lornah, na wote wawili walikuwa wakimwangalia, kila mmoja akingoja kusikia jina lake. Alifunga mdomo. Ufuo mzima ukaangua kicheko.

"Nipe muda kidogo," alisema.

Alivua wiki nzima na boti isiyo na jina, na kila jioni alirudi nayo imejaa samaki.